Kihisi Chako Kinapima Chumvi, Si Mbolea

Wasomaji wangu, leo siandiki habari za seva wala lugha mpya ya kuandikia programu. Kuna jambo limenikaa kooni na nikilimeza litanidhuru. Ni kuhusu vidude vinavyouzwa kwa wakulima wa hapa Kitengela, na Kajiado kwa jumla, kwa jina la "kilimo janja". Mnavijua. Kijiti chenye meno ya chuma, unakichoma ardhini, kinatuma namba kwenye simu, na simu inakwambia nitrojeni ni kadha, fosforasi kadha, potasiamu kadha. Halafu unaletewa ujumbe: "Udongo wako una rutuba ya kutosha. Mwagilia tu."

Nasema hivi, na nitaonyesha kwa nini nasema: vile vya bei nafuu, ambavyo ndivyo vimejaa sokoni, havipimi nitrojeni. Havipimi fosforasi. Havipimi potasiamu. Na tafadhali msidhani nasema vinakosea kidogo kama saa ya ukutani inayochelewa dakika mbili. Nasema namba zile hazikupimwa kabisa.

Nimejuaje? Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilitaka niwaandikie programu ya upande wa seva: kupokea data kutoka mashambani, kuchora grafu, na kutuma ujumbe kwa mkulima. Kazi nzuri, malipo mazuri, na mimi nalipa kodi ya nyumba kama nyinyi. Wakanipa vihisi viwili na karatasi ya maelezo. Karatasi inasema kifaa kinatoa vipimo saba: unyevu, joto, uwezo wa udongo kupitisha umeme, pH, na hizo N, P na K.

Sasa, mtu yeyote aliyesomea kompyuta akipewa data asiyoijua hufanya jambo moja kabla ya mengine: huichora. Nikachora siku tano za data kutoka kwenye ndoo ya udongo uani kwangu. Mistari mitatu ya N, P na K ikapanda pamoja na kushuka pamoja kama watoto watatu waliofungwa kamba moja kiunoni. Nikagawanya N kwa P. Nikapata jibu lile lile asubuhi, mchana na usiku, ukiacha sehemu ndogo za desimali zilizokatwa. Nikagawanya K kwa P. Vivyo hivyo. Halafu nikaweka mstari wa nne, ule wa umeme, na wote ukawa mstari mmoja.

Maana yake ni nini? Kifaa kina kipimo kimoja tu cha kweli katika vile vinne: kinapitisha umeme kidogo kati ya meno yake na kuangalia ulivyopita. Kisha programu ndogo iliyo ndani yake inazidisha namba hiyo mara kitu fulani na kuiita nitrojeni, inazidisha mara kitu kingine na kuiita fosforasi, na mara ya tatu potasiamu. Ndiyo hayo tu. Mistari mitatu ya msimbo. Hata mimi naweza kukuandikia kabla chai haijapoa, na nikipenda naongeza zinki na shaba.

Ukinibishia, usiniamini. Fanya jikoni kwako. Chukua vikombe vitatu vya maji ya mvua. Cha kwanza kiache hivyo hivyo. Cha pili tia kijiko cha chumvi ya mezani. Cha tatu tia kijiko cha urea kutoka dukani kwa agroveti. Chovya kihisi.

Kwenye maji matupu ya mvua kitasoma karibu na sufuri. Sawa. Kwenye chumvi kitapanda na kusema nitrojeni tele, fosforasi tele, potasiamu tele. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini. Hamna nitrojeni pale, hamna fosforasi, hamna potasiamu ya maana, na mche ukiumwagilia maji hayo utakufa. Kwenye urea, ambayo asilimia 46 ya uzito wake ni nitrojeni na ndiyo mbolea ya nitrojeni iliyokolea kuliko zote za mfukoni anazonunua mkulima, namba karibu haitasogea. Sababu ni kemia ya sekondari: chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa chembe zenye chaji zinazobeba umeme, lakini urea huyeyuka ikabaki nzima, haina chaji.

Kwa hiyo kifaa kinaita sumu chakula, na chakula kinakiita hakuna. Nilipoona hilo nilicheka. Baadaye kidogo nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka mahali ninapoishi.

Huku kwetu maji ni ya kununua. Mwenye bahati ana kisima kirefu cha kuchimbwa na mashine, au jirani yake anacho, na wengine tunasubiri lori. Na kila mtu Kitengela anajua kisima gani kina maji ya chumvi, kwa sababu chai husema yenyewe. Hii ndiyo kaunti yenye Ziwa Magadi, jamani. Kampuni ya magadi iliundwa mwaka 1911 na hadi leo magadi yanachotwa. Si kwamba maji ya Magadi yanatufikia Kitengela, la, ni mbali na chini kabisa bondeni. Lakini sodiamu si mgeni katika maji ya ukanda huu, na anayepanda mboga hapa bila kuuliza maji yake yana nini anacheza kamari.

Nina jirani, mama mmoja ambaye jina lake halihusu mtu hapa. Alipanda nyanya chini ya nailoni, mipira ya matone imelazwa vizuri, samadi ya boma imeletwa kwa pikapu kutoka upande wa Isinya. Pesa alikopa kwenye chama. Alinunua pia kihisi, si kwa kampuni iliyoniita mimi, kwa nyingine. Nyanya zilipoanza kuiva, matako yake yakawa meusi na kuoza, na majani yakaungua kingoni. Simu yake ikaendelea kumwambia rutuba ni ya juu. Kila wiki juu zaidi. Akaniita, maana kwa mtaa mzima mtu wa kompyuta hutengeneza kila kitu, kuanzia runinga hadi nyanya.

"Kijana wangu," akaniambia, "hii simu inasema shamba limeshiba. Mbona watoto wangu wanaonekana wana njaa?"

Nilikuwa na kipima umeme cha maji, kile kidogo kama kalamu, nilichonunua kwa chini ya shilingi 2,000 kwa ajili ya majaribio yangu. Maji yake yalisoma 1.6. Kipimo hicho huitwa desisimensi kwa mita, jina refu lisilo na faida kwa mkulima, basi tuseme tu 1.6. Kanuni ya kukadiria ni kuzidisha kwa 640 kupata miligramu za chumvi katika lita. Inakuja kama gramu moja kwa lita. Unaona ndogo? Tupige hesabu.

Ploti ya futi 50 kwa 100 ni mita za mraba kama 464. Ukimwagilia milimita 5 kwa siku, ambacho si kiasi kikubwa kwa jua la huku, ni lita kama 2,300. Kila siku umeweka kilo 2.3 za chumvi. Kwa siku 90 za zao ni kilo 207. Magunia manne ya kilo 50 na kidogo juu. Mmea unakunywa maji, jua linakausha maji, chumvi inabaki. Na chini ya nailoni mvua haiingii kuiosha. Sasa mwambie mtu yeyote mwenye akili timamu amwage magunia manne ya chumvi kwenye ploti yake uone atakavyokutazama. Lakini ukimwagia kwa matone, kidogo kidogo, na simu ikikupongeza, unaendelea.

Hiyo ndiyo "rutuba" iliyokuwa ikipanda kila wiki. Yule mama alikuwa anasomewa kifo cha shamba lake kwa lugha ya pongezi.

Haya si mambo mapya wala siri. FAO walichapisha mwongozo wa ubora wa maji ya kumwagilia, kazi ya Ayers na Westcot, mwaka 1976, wakaurekebisha 1985. Maji yaliyo chini ya 0.7 hayana shida ya chumvi. Kati ya 0.7 na 3.0 inabidi uwe mwangalifu, na jinsi unavyopanda ndivyo uangalifu unavyozidi. Zaidi ya 3.0 ni shida kubwa. Mwongozo huo huo unatoa kiwango ambacho zao likivuka mavuno yanaanza kushuka, kikipimwa kwenye udongo wenyewe: nyanya 2.5, kabichi 1.8, kitunguu 1.2, maharagwe na karoti 1.0. Na udongo unaooshwa vizuri, yaani maji ya ziada yanapita chini, hutulia kwenye kama mara moja na nusu ya chumvi ya maji. Maji ya 1.6 yanakupa udongo wa 2.4. Nyanya inapita kwa tundu la sindano. Kitunguu na maharagwe hata usijaribu. Na hiyo ni kama unaosha. Mipira ya matone iliyopangwa kutoa kile tu mmea unachokunywa haioshi chochote, inapanga chumvi kuzunguka mizizi.

Sasa nije kwa hawa ndugu wa udongo wa asili, kwa sababu nao wana sehemu yao katika dhambi hii.

Kuna mafundisho yameenea kwamba ukishatengeneza udongo hai, wenye mboji na samadi na minyoo, kazi yako imekwisha: ongeza maji tu. Mafundisho haya yametoka wapi? Ukiyafuata kwenye mtandao kurudi nyuma utafika kwa wakulima wa bhangi wa California, Colorado na Kanada. Sicheki. Mimi silimi bhangi, na sheria yetu ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 haina mzaha, lakini nikiri kwamba watu wale ni makini. Wanaandika kila kitu, wanapima kila kitu, na wamefundisha dunia mengi kuhusu kulisha vijidudu vya udongo badala ya kulisha mmea moja kwa moja. Shida ni kwamba wengi wao wanajaza vyungu vyao kwa mboji ya vinamasi vya kaskazini, ambayo ina asidi na karibu haina chumvi, na wanamwagilia maji waliyoyachuja kwa mashine hadi yakawa kama ya mvua. Kwao "ongeza maji tu" ni kweli. Kitengela, ukiongeza maji tu umeongeza chumvi tu.

Na samadi yenyewe? "Ya asili haiunguzi." Nani kasema? Samadi ya boma imekaliwa na mkojo wa ng'ombe miaka, na mkojo una chumvi. Samadi ya kuku ikiwa mbichi ina amonia ya kuchoma macho yako, sembuse mizizi. Ukishindilia samadi mbele na maji ya chumvi nyuma, umeuma pande zote mbili. Mimi nafanya kilo moja, au mbili nikizidi, kwa mita ya mraba, iliyooza hadi hainuki, na naongeza tena baada ya zao. Wenzangu wanaweka nusu kwa nusu na udongo kisha wanashangaa miche inasimama kama imepigwa na butwaa.

Hapa ndipo kile kihisi kinapoharibu mara ya pili, na hili watu wachache wanaliona. Nitrojeni ya samadi nzuri imefungwa. Iko ndani ya protini, ndani ya miili ya bakteria waliokufa, ndani ya mabaki ya majani. Haina chaji, haibebi umeme, kihisi hakiioni. Vijidudu ndivyo vinavyoifungua polepole na kuifanya amoni, kisha naitreti, ambayo mmea unakunywa. Samadi kavu ya ng'ombe ina nitrojeni kama asilimia moja au zaidi kidogo, na katika mwaka wa kwanza unapata labda robo yake. Iliyobaki ni akiba. Mkulima mwenye udongo bora kabisa, wenye akiba ya miaka mitatu na maji ya mvua, ataambiwa na simu kwamba hana kitu, anunue mbolea. Na mwenye udongo uliokufa kwa chumvi ataambiwa ametajirika. Huwezi kubuni kifaa kinachodanganya vizuri zaidi ya hapo hata ukikusudia.

Kisha kuna maranda ya mbao. Kitengela imejaa kuku wa nyama, na kuku wanalala juu ya maranda, na maranda yanakuja shambani na kinyesi. Maranda ni kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno. Bakteria wakianza kuyala wanatafuta nitrojeni ya kujengea miili yao, na wanaichukua kwenye udongo, mmea unabaki wa manjano. Ni njaa ya muda, itaisha maranda yakioza, ila itakuwa imekwisha pamoja na msimu wako. Dawa yake ni kuyaozesha kwenye lundo kwanza, yenye unyevu, yakigeuzwa, mpaka lundo lipate moto na kupoa. Kihisi katika hali hii kitasema nini? Kinyesi cha kuku kina chumvi. Kitasema umeshiba.

Nisisahau maji yenyewe, maana hata ule "unyevu" wa asilimia si salama. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, huu unaonasa gari msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza mkono wakati wa kiangazi, unashika maji kwa nguvu. Kwenye mchanga, asilimia 25 ya maji ni udongo uliolowa chepechepe. Kwenye mfinyanzi mzito, asilimia 25 mmea unaweza kuwa umenyauka, kwa sababu maji yapo lakini hayatoki. Programu nyingi nilizoziona zina kiwango kimoja cha udongo wote: chini ya asilimia kadha, mwagilia. Mtu aliyeandika namba hiyo hajawahi kuchimba shimo Kitengela. Na ufa ukifunguka kando ya kijiti, meno ya chuma yananing'inia hewani, umeme haupiti, ghafla shamba "limekauka na halina rutuba". Ukimwagilia, chumvi iliyokuwa pale pale inayeyuka na "rutuba imerudi". Grafu inapendeza sana kwenye mkutano na wawekezaji.

Kuoza kitako kwa nyanya ni mfano mzuri wa mambo haya yote kukutana. Dukani utaambiwa ni ukosefu wa kalsiamu na utauziwa chupa ya kunyunyizia. Mara nyingi kalsiamu ipo ardhini, haifiki kwenye tunda. Kalsiamu husafiri na maji, na maji yakija leo mengi, kesho hayapo kwa sababu lori limechelewa, safari inakatika. Chumvi nayo inazuia mzizi kunywa hata udongo ukiwa umelowa. Chupa hainyoshi lori.

Najua jibu ninaloletewa: "Lakini kitu kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Mkulima alikuwa anabahatisha." Hapana. Mkulima anayebahatisha anajua kwamba anabahatisha, kwa hiyo anaangalia majani, anachimba kwa kidole, anauliza jirani. Ukimpa namba yenye desimali moja anaacha kuangalia. Yule mama aliona kingo za majani zimeungua wiki tatu kabla ya kuniita. Alinyamaza kwa sababu simu ilisema shamba ni zima. Mwaka 2024 nchi nzima ilikasirika kugundua kwamba mbolea feki imeuzwa kwa wakulima katika mpango wa ruzuku, na ilikuwa haki kukasirika. Je, kipimo feki cha mbolea kina tofauti gani? Mbolea feki angalau ukiimwaga mkononi unaweza kuishuku.

Fikirieni bucha. Mizani ya bucha inakaguliwa na kupigwa muhuri, kwa mujibu wa Sheria ya Mizani na Vipimo, sura ya 513. Mtu akikupunja gramu 50 za nyama kuna ofisa wa kumkamata. Kifaa kinachomwelekeza mama atumie au asitumie pesa ya chama hakina muhuri wa mtu. Sitetei urasimu, najua muhuri nao hununuliwa wakati mwingine. Nasema tu kwamba tumeamua nyama ni jambo zito kuliko shamba, na sikumbuki tuliamua lini.

Basi ufanye nini? Kabla ya chochote, pima maji. Kalamu ile ya chini ya shilingi 2,000 inakwambia ukweli mmoja na haikudanganyi kwamba inajua zaidi. Pima kisima, pima lori kila likija, kwa sababu lori la Jumatatu si lazima liwe la kisima cha Alhamisi. Ukitaka kujua sodiamu na rutuba, peleka sampuli ya udongo na ya maji maabara, KALRO pale Kabete wanapima, halafu subiri majibu kama binadamu. Vuna mvua: paa la mita za mraba 100 linakupa lita 100 kwa kila milimita inayonyesha, ukiacha inayopotea, na ukichanganya nusu ya mvua na nusu ya kisima, chumvi inashuka karibu nusu. Funika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisikaushe na vijidudu viendelee kufanya kazi, maana vikikauka vinasimama na nitrojeni inasimama navyo. Inua matuta, kwa sababu huwezi kuosha chumvi kama maji hayana pa kwenda. Osha kabla ya kuweka samadi, si baada, la sivyo unaosha naitreti pia. Kama sodiamu imefunga udongo hadi maji yanasimama juu kama kwenye sahani, kuna jasi, ile ile wanayochanganya kwenye saruji viwandani Athi River. Kalsiamu yake inaondoa sodiamu kwenye mfinyanzi, lakini bado unahitaji maji ya kuisukuma chini. Na kama maji yako ni zaidi ya 3, ndugu yangu, fuga kuku.

Jirani yangu alifungua nailoni mvua za mwisho wa mwaka zilipokuja. Aliacha mvua ipige matuta wiki kadhaa, akaweka tenki, akaacha kitunguu. Nyanya amepanda nusu ya alizopanda mwanzo. Deni la chama bado analilipa.

Ile kampuni nilikutana nayo mara moja zaidi. Niliwaambia kifaa si kibaya, majina yake ndiyo mabaya. Futeni N, P na K, andikeni "chumvi", wekeni ya maji na ya udongo kwenye grafu moja, na mtakuwa na kitu ambacho kila mkulima wa Kajiado anahitaji na hajakipata. Niliwaonyesha vikombe vitatu mezani kwao. Waliniambia kwa upole kwamba soko linaulizia NPK, na kwamba suala la usahihi litashughulikiwa katika toleo lijalo. Sijawahi kuona toleo lijalo likishughulikia kitu ambacho toleo la kwanza linauza. Nikarudisha vihisi vyao ndani ya boksi, na karatasi ya maelezo juu yake.

Nimesikia wamempata mwingine wa kuandika programu hiyo, kijana aliyemaliza chuo juzi. Kama unasoma hapa, ndugu: kabla hujaandika ule ujumbe wa "mwagilia tu", soma rejesta ya nitrojeni, igawanye kwa rejesta ya fosforasi, rudia mara mia. Haitakuchukua nusu saa.